Mvinyo Nilioutema Sengerema

Pombe mimi sikuwa naimeza. Nisikilize vizuri: sijasema sikuwa naionja. Kuonja nilionja miezi mitano mfululizo, asubuhi, tumbo tupu, na kazi hiyo nikalipwa. Lakini kumeza, hata tone, sikumeza tangu siku tulipomzika mume wangu. Watu tuliwaambia ameugua ini. Ni kweli lilikuwa ini, ila ini halijitafuni lenyewe, lilisaidiwa na chupa miaka tisa. Mwanangu alikuwa darasa la tano. Nilimshika mkono pale kaburini nikamwambia mbele ya udongo ule mbichi kwamba koo langu halitapitisha kitu hicho mpaka nife. Mtoto akaitikia kwa kichwa, na mimi nikatimiza.

Sasa utaniuliza, mtu wa kiapo hicho alifikaje kwenye stoo ya mvinyo. Nilifikishwa na pua. Kabla ya kuajiriwa hotelini niliuza samaki mwaloni, na muuza samaki asiyejua kunusa atauza uchafu afukuzwe. Baadaye nikapata kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Mwanza, chini ya Pasiansi, nikapanda mpaka kuwa msimamizi wa chumba cha chakula. Siku moja lilikuja kreti la sato, nikiwa hata sijalifungua nikamwambia dereva alirudishe. Mpishi mkuu mpya alikuwa amesimama nyuma yangu. Akalifungua mwenyewe, akainama, akainuka uso umekunjamana.

"Pua hiyo umeipata wapi?" akaniuliza.

"Nilizaliwa nayo, iko usoni," nikamjibu, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Huyu mpishi alikuwa mama wa Kihispania, rika langu, mfupi, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Kiswahili chake alikiokota Arusha, kilikuwa kinatosha kabisa kugombana. Kesho yake akaniita stoo. Juu ya meza chupa zimepangwa kama kumi na tano, nyingine hazina hata picha, maandishi tu. Akasema mwenye hoteli anataka wageni wapewe mvinyo wa Hispania, lakini si ule unaojulikana kila mahali. Anataka wa vijiji, wa mabonde, wa visiwa. Na mtu wa kuueleza mezani atakuwa mimi.

Nikamwambia mimi sinywi.

"Nani amekwambia unywe?" akasema. "Tema!"

Akavuta ndoo ya plastiki ya bluu, akaiweka kushoto kwangu. Akapiga funda moja, akavuta hewa kwa kelele kama mtu anayekunywa uji wa moto, akazungusha mashavu huku na huku, kisha phyuu! Mstari mmoja mnyoofu mpaka ndani ya ndoo. Jamani! Mtu mzima, mpishi mkuu, anatema kitu kilichovuka bahari kuja Mwanza. Nilishtuka nikajikuta nimeshika kifua. Kwetu mtu akitema alichopewa, kesho mnakutana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nilikwenda nyumbani na swali hilo. Mwanangu siku hizi ni fundi umeme, ana karakana yake ndogo huko Nyamagana, mtu wa maneno machache. Nikamuuliza: je, nikitia mdomoni nikatema, nimevunja? Akafikiri, akaendelea kula ugali wake, akasema, "Mama, uliapa kwa koo. Kinywa hukukitaja." Basi nikaanza.

Na mimi nilidhani naijua waini! Mwanza hapa waini ni nyekundu, tamu, inaletwa kwenye harusi meza ya mbele, mama mkubwa anaionja anasema inafanana na ile ya kanisani. Hispania nilidhani ni chupa moja nchi nzima. Khaa! Chupa ya kwanza aliyofungua ilitoka kona ya kaskazini magharibi ya nchi yao, mahali panaitwa Galisia. Akanionyesha kwenye simu. Mto uko chini kabisa, na kingo zake zimesimama wima kama ukuta, na watu wako humo ukutani wanachuma zabibu, kreti begani. Nikasema huu ni wazimu. Sisi Mwanza juu ya mawe tunajenga nyumba, sawa, nyumba haihitaji kumwagiwa maji. Mvinyo wenyewe ni mwekundu mwepesi, unanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Nilitema, lakini nilitema polepole.

Wiki iliyofuata tukaenda visiwani, Kanari. Hapo nilishtuka zaidi. Udongo mweusi tititi, jivu la volkano, na katika jivu hilo wamechimba mashimo mamia kwa mamia, kila shimo na ukuta wake mdogo wa mawe kuzuia upepo. "Nani amefia humo?" nikauliza. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. Ndani ya kila shimo kuna mzabibu mmoja, peke yake, unamwekea kivuli nani sijui. Na watu hawa hawahami! Wanachimba, wanavuna vichache, wanarudi kuchimba. Nilionja mvinyo ule mweupe, una moshi na una chumvi, nikamwangalia mpishi nikasema, "Mama, nyie watu mna nini?"

Lakini kilichonimaliza kabisa ni chupa ya tatu. Inatoka mji mdogo wa kusini, pale mto unapoingia baharini, na mvinyo wenyewe unaitwa manzanilla. Akanieleza unavyotengenezwa. Pipa halijazwi, linaachwa nafasi juu. Baada ya muda unaota utando mweupe mzito, wa hamira, unafunika mvinyo wote. Nikangoja aseme wanamwaga. Hakusema.

"Utando?" nikasema. "Na hammwagi?"

"Utando ndio mlinzi. Ukiondoka, mvinyo unaharibika."

"Miaka mingapi?"

"Mingi."

Ebo! Mimi nimekua kando ya ziwa, nimeona mabibi wakipika pombe ya mtama, na chungu kikifanya utando kinabebwa kwa aibu, kinamwagwa nyuma ya nyumba kabla majirani hawajaona. Hawa wenzetu wanauweka kwenye chupa, wanaufungia kizibo, wanaupa jina zuri! Niliutia mdomoni nikiwa na hasira. Hakuna utamu hata wa kusingizia. Chumvi, donge la mkate ambalo halijachomwa, karanga mbichi. Nilitema nikasema umeoza. Yule mama hakubisha. Akaingia jikoni akakaanga dagaa wetu wa hapa hapa, wakavu, wanavunjika, akaniletea sahani. Kula, onja, kula. Mungu wangu! Dagaa nimekula tangu nina meno mawili, lakini siku hiyo niliwasikia upya, kana kwamba kuna mtu amefuta vumbi. Mvinyo nikatema, dagaa nikameza, nikaomba wengine.

Toka hapo nikawa mtu wa manzanilla. Wageni niliwasumbua. Anaagiza bia, mimi namwambia subiri kwanza. Kila asubuhi naonja chupa zilizofunguliwa kuona kama bado zina afya: funda, hewa, mashavu, phyuu, kushoto. Mwili ukazoea. Ikafika nyumbani nakunywa chai navuta hewa, mwanangu ananiangalia tu.

Sasa ndiyo tuje kwenye lenyewe.

Mwanangu alikuwa na mchumba Sengerema, ng'ambo ya maji, nesi, binti mwenye heshima mpaka unaona haya kumtuma maji. Wamengojana miaka minne. Mwaka wa kwanza alikuwa bado anasoma. Mwaka wa pili kwao wakafiwa. Miaka miwili iliyobaki walikuwa wanatuchunguza. Wanachunguza kweli, si mchezo! Dada yake mkubwa aliolewa na mlevi, akarudi nyumbani siku moja mkono umefungwa kwenye kanga. Basi bibi yao, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo ule, akaapa hakuna mjukuu wake mwingine atakayeingia nyumba yenye ulevi. Walituma watu wakauliza mpaka kwa jirani zangu. Wakauliza baba wa kijana alikufa na nini. Mimi nikajibu, ini. Jirani nao, Mungu awabariki, wakajibu ini. Nilijua nimesema nusu, nusu nyingine nimeikalia. Mwanangu hakuwahi kunilaumu kwa hilo, ila hakuwahi kulisema yeye kwa mdomo wake.

Hatimaye mshenga wetu, mzee wa mtaani kwetu anayependa kusema kuliko kula, akarudi na jibu: njooni. Na akaleta sharti. Bibi hapendi walevi, lakini si mtu wa soda. Katika ukoo wao, upande wa mume unaleta kinywaji kimoja cha heshima. Mama wa kijana anakifungua mwenyewe, anakionja yeye kwanza mbele ya watu wote, waone hakina kitu. Kisha bibi anaonja. Bibi akimeza, mazungumzo yamefunguliwa. Asipomeza, mnanyanyuka na hamrudi tena. Walishanyanyua watu wawili kabla yetu.

Nikamwambia mshenga mimi nitagusisha midomo tu. Akasema gusisha, nani atapima.

Kila mtu mwenye akili aliniambia nibebe ile nyekundu tamu. Hata mpishi aliniambia! Kiherehere changu kikakataa. Nilijiambia bibi amezeeka akila dagaa na furu, nitampelekea manzanilla, atashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Nikakaanga na sahani ya dagaa nikaifunga kwenye foili. Yaani nilikuwa nakwenda kumuombea mwanangu mke, na moyoni naona nakwenda kuhudumia meza.

Tulifika Sengerema saa tano asubuhi, tukapokewa vizuri, shikamoo zikapita zote, sala ikasomwa. Sebule imejaa. Bibi amekaa kwenye kiti cha mbao, mwembamba, gauni la kanisani, kilemba cheupe. Baba mdogo wa binti kaketi mkono wake wa kulia. Binti mwenyewe yuko mlangoni mwa chumba cha ndani, nusu uso unaonekana. Mshenga akasimama akanitambulisha, na hakunitambulisha kama mjane wala kama mama. Alisema, "Huyu mnayemuona ndiye anayewafundisha Wazungu kunywa waini." Watu wakaguna kwa heshima. Nilitamani nimvute koti akae.

Nikatoa chupa, nikaifungua kwa kizibuo, nikamimina. Glasi ikafika usoni na pua ikaingia yenyewe. Na hapa naomba uniamini, maana hata mimi nilichukua muda kuamini: sikugusisha midomo. Mkono uliipandisha, kinywa kikapokea, hewa ikavutwa kwa kelele zake zote, mashavu yakazunguka, na shingo ikageuka kushoto, mahali ilipo ndoo. Kushoto pale, juu ya stuli, walikuwa wameweka beseni la wageni kunawa mikono.

Phyuu!

Mstari mmoja mnyoofu. Nikausikia ukiingia kwenye maji.

Niliinua macho nikaona sebule nzima mdomo wazi, na mshenga wangu, mtu wa maneno, amefumba macho kama anayesubiri kupigwa sindano.

Bibi ndiye aliyeanza, na hakupandisha sauti.

"Umekileta wewe," akasema. "Umekifungua wewe. Umekitema wewe. Sisi tukifanye nini?"

"Bibi, nisamehe. Ndivyo wanavyoonja."

"Akina nani?"

"Wahispania, bibi."

"Yuko wapi hapa Mhispania?"

Baba mdogo alikuwa ameshasimama. Akasema yeye ameona mengi, lakini mtu kubeba kitu toka Mwanza, akakiogopa mwenyewe mbele ya watu, akatemea maji ya kunawia wageni, hilo hajaliona. Nyuma mtu akataja sumu. Mwingine akataja neno baya zaidi ya sumu, sitalisema. Mshenga akajaribu, "Jamani, ni mazoea ya kazi," wakamwambia akae. Mlangoni kule nusu uso ulikuwa umetoweka, na nikasikia mlango wa ndani ukifungwa taratibu. Miaka minne ya mwanangu ilikuwa inaelea kwenye lile beseni.

Bibi akanyoosha kidole kwenye glasi. Ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu.

"Kunywa," akasema. "Yote. Ukimeza, na mimi nitameza. Usipomeza, mshenga abebe mzigo wake."

Ningeweza kusema nimeapa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtu akikwambia ameapa kutokunywa, swali linalofuata ni moja tu, na jibu lake lilikuwa limelala kaburini na nusu ile niliyoikalia. Nikilitoa, bibi yule hatahitaji kuonja kitu. Atanyanyuka yeye.

Nikamwangalia mwanangu. Amekaa kwenye mkeka na suti yake mpya, mikono juu ya magoti. Alikuwa ananitazama, na akatikisa kichwa. Kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Hapana, mama. Alikuwa ananiambia nisinywe. Alikuwa tayari tunyanyuke, avuke arudi Mwanza bila yule binti, ili mimi nibaki na neno langu la kaburini! Nilishikwa na hasira sijui ya nini, hasira na yeye kwa kuwa mwema kiasi kile, hasira na baba yake aliyetuachia vitu hivi tugawane. Nikainua glasi nikaimeza yote, funda tatu, macho kwenye macho ya bibi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uchungu. Miaka kumi na sita najiambia kitu kile ni moto, ni sumu, ni uchafu, mtu anakunywa kwa ukaidi tu. Hakikuwa moto. Zile ladha zote nilizokuwa nazikatiza ulimini kila asubuhi zilishuka, zikaenda mpaka chini, zikatulia, na pale zilipotulia pakawa na joto zuri. Mabega yakashuka. Sikujua hata kwamba yalikuwa juu. Wale watu wenye hasira wakasogea mbali kidogo, wakawa watu tu. Nilibaki nimeshika glasi tupu nimepigwa na butwaa. Hakuna aliyeniambia kwamba ni hivi. Mume wangu hakuwahi kunieleza, na mimi sikuwahi kumuuliza. Nilimgombeza miaka tisa kwa kitu nisichokijua.

Nikammiminia bibi, naye akachukua glasi yake akameza. Uso ukakunjamana wote, akafunga jicho moja, akaomba dagaa. Akatafuna, akameza tena. "Kikali," akasema, "lakini kisafi. Kaeni." Baba mdogo akakaa. Mlango wa ndani ukafunguka. Mshenga akapata sauti yake, na mpaka saa nane mchana kila kitu kilikuwa kimekubaliwa, ng'ombe, tarehe, kanisa, na wanawake wakapiga vigelegele. Mwanangu alipata mke. Nalisema hili waziwazi kwa sababu ndilo tulilolifuata, na tulilipata, na wanaishi vizuri mpaka leo.

Lakini kulikuwa na dakika moja katikati ya vigelegele vile. Bibi alishika chupa, iliyobaki kama robo, akajimiminia kidogo, akageuka kuangalia nani mwingine anataka. Na mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nakuapia sikuutuma. Glasi iko mbele ya chupa, inangoja, na koo limekauka linaita.

Mwanangu alikuwa amesogea karibu nami. Akaweka mkono wake juu ya glasi, akainama sikioni kwangu, chini kabisa, wakwe wasisikie.

"Mama, inatosha."

Maneno hayo mimi ndiye niliyekuwa nayasema nyumbani kwetu kila jioni, na mtoto huyu alikuwa anayasikia akiwa kitandani. Hayakuwahi kuja upande wangu. Glasi nilimwachia, ila vidole vyangu vilichelewa, na najua alivisikia.